Hamsini Kavu

Fundi Nandonde wa Masasi aliniambia:
lenzi ya kuvuta ni panga la nyumba,
linafyeka, linachinja, linamenya muhogo.
Hamsini kavu ni wembe. Kazi yake moja.
Sikumwamini. Nandonde hupenda kuuza.

Basi Jumapili, ukungu wa Newala ulipokwisha kunyanyuka,
nikaifunga kamera kwenye miguu mitatu
mbele ya ukuta wa sebule.
Sikutafuta ukuta mzuri, nilitaka ukuta wenye mambo:
kalenda ya chama cha msingi,
gunia la katani alilolitundika mama likawa pazia,
uzi kwa uzi likihesabika,
saa iliyokufa saa nne na robo,
na kule juu kushoto, pembeni kabisa,
stakabadhi ya ghala, imepigwa msumari.

Ile tunaijua sote.
Novemba baba aliipigilia mwenyewe,
akasoma kwa sauti, "Kilo mia nane na kumi na tatu,"
akanawa utomvu wa mabibo, akaomba chai.

Kwanza ya kuvuta. Nikaisokota hadi hamsini,
tundu nane, kipima-muda sekunde kumi,
nikabana pumzi, utadhani ukuta ungenisikia.
Kisha nikaichomoa, nikapachika mpya,
fupi, nyepesi, kama kikombe cha kahawa,
haiendi mbele, hairudi nyuma:
ukitaka kusogea, una miguu.
Tundu lile lile. Dirisha lile lile. Ukuta ule ule.

Kwenye kompyuta nikazipanga bega kwa bega.
Katikati sikuona tofauti ya kulipia fedha.
Saa ile mfu. Tarehe zile zile.
Nikamlaani Nandonde kidogo.

Lakini ukali wa lenzi hauulizwi katikati.
Katikati kila lenzi ni mkweli,
kama mtu mbele ya wageni.
Nikasogea pembeni.

Ya kuvuta: herufi zimeota manyoya,
nane ni nane, nene, kama njugu mbili zilizoshikana.

Hamsini kavu:
nyuzi za karatasi, kutu ya msumari,
mkunjo uliolikata jina, Mfaume | Chilumba,
na ile nane
ina wino wa rangi mbili.
Tatu ya kaboni, sawa na pacha wake wa mwisho,
na kwenye ubavu wake ulio wazi
mikato miwili ya peni ya bluu,
inatetemeka kidogo, ikiuziba.

Mia tatu na kumi na tatu.

Nilihesabu kwa vidole, mtu mzima.
Mia tano zimekwenda wapi?

Mwezi wa nane, ananuka salfa,
baba alinihesabia noti juu ya meza hii.
"Kanunue hilo jicho lako."
Noti mpya, zimefuatana namba. Sikuuliza.
Usiku wa kuamkia siku hiyo pikipiki ilisimama nyuma ya jiko,
mtu akanong'ona bei ya kopo, baba akanong'ona nyingine,
ikashinda ya kwanza.
Kangomba hununua maua,
korosho yenyewe bado haijajua kama itazaliwa.

Mama hupita chini ya karatasi ile kila asubuhi
akienda kupanga foleni ya maji.
Huitupia jicho. Hunyoosha mgongo.

Jioni baba akasimama nyuma ya kiti changu.
Nilikuwa nimesharudi katikati, kwenye saa.
"Enhe. Ipi kali?"
"Mpya."
"Kali sana?"
Nikamwambia, ya kutosha.
Akacheka, akanigonga bega mara mbili
kwa kidole alichoungua utomvu tangu msimu ule,
kisha akaenda ukutani kuitikisa saa,
kama afanyavyo kila mara,
akaiweka sikioni, akasikiliza.